Mtetezi Huru wa Wapangaji Katika Bodi ya Nyumba

(Mada iliyotolewa katika semina ya kamati za Haki na Amani za parokia)



Nimeombwa nizungumzie kazi niliyoifanya kwa kujitolea nilipokuwa nikiishi Uingereza, yaani kuwa mtetezi huru wa wapangaji katika bodi ya shirika moja la nyumba, tangu mwaka 2013 hadi mwaka 2019. Mimi si mwanasheria, wala si mtaalamu wa majenzi. Nilikuwa muuguzi wa zamu za usiku, na vikao vya bodi vilifanyika jioni, hata mara nyingi nilitoka kikaoni nikaenda moja kwa moja wodini. Shirika lenyewe sitalitaja, wala mji wake sitautaja, kwa kuwa nilitia sahihi ya kutunza siri za vikao, na kwa kuwa wengi wa watu niliokaa nao mezani walikuwa watu wema. Jambo hilo la wema nitalirudia, maana ndilo lililonipa taabu kuliko yote.

Yumkini wapo miongoni mwenu wanaojiuliza: mambo ya Ulaya yatatufaa nini sisi? Naomba mnistahimilie. Mpangaji ni mpangaji popote alipo. Anaishi ndani ya kuta ambazo si zake, na anayezimiliki kuta hizo ana ufunguo wa pili.

Kwanza nieleze nyumba hizo ni za namna gani. Katika England peke yake, kaya zipatazo milioni nne hukaa katika nyumba za kupangisha zinazomilikiwa na halmashauri za miji au na mashirika ya nyumba yasiyo ya kibiashara. Kodi yake huwa chini ya kodi ya soko, na nyumba hutolewa kwa kuangalia shida ya mtu. Mashirika hayo yana historia ndefu. Mfuko wa Peabody wa London ulianzishwa mwaka 1862 kwa fedha za tajiri Mmarekani, George Peabody. Baadaye waamini wa madhehebu mbalimbali waliingia katika kazi hiyo. Mwaka 1956 Maisie Ward, mwandishi Mkatoliki, alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha Kikatoliki cha kuwasaidia wasio na makazi. Mwaka 1963 mchungaji Bruce Kenrick alianzisha mfuko wa nyumba huko Notting Hill, mtaa ambao wakati ule ulijulikana kwa wenye nyumba wakatili na kwa wahamiaji waliosongamana chumba kimoja familia nzima.

Halafu kikaja kipindi kingine. Kuanzia mwaka 1988 halmashauri nyingi zilihamisha nyumba zao zote kwenda kwa mashirika mapya, baada ya wapangaji kupiga kura. Wakati wa kura hizo wapangaji walipewa mshauri huru, aliyelipwa na halmashauri lakini asiyepokea amri kutoka kwake, ili wasihadaiwe na karatasi nzuri za rangi. Katika mashirika mengi yaliyozaliwa hivyo, viti vya bodi viligawanywa mafungu matatu: theluthi ya wapangaji, theluthi ya madiwani, na theluthi ya watu wa nje wenye ujuzi. Mashirika yalipoendelea kuungana na kuwa makubwa, viti vya wapangaji vilipungua, na mahali pengine vikatoweka. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba bodi inahitaji wataalamu wa fedha. Inawahitaji kweli, maana shirika lenye nyumba elfu kadhaa hukopa fedha nyingi, na likianguka wapangaji huanguka nalo. Lakini sikuona kamwe mtaalamu wa fedha aliyejua lifti ya jengo fulani imekufa tangu Jumatatu.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, utetezi. Watu hudhani kwamba mpangaji akichaguliwa kuingia katika bodi, huingia kama mbunge wa wapangaji wenzake. Sivyo. Kwa sheria za kule, kila mjumbe wa bodi, awe mpangaji au mkurugenzi wa benki, ana wajibu wa kulinda maslahi ya shirika lote. Akishapiga kura, uamuzi ni wa wote, na hana ruhusa ya kutoka nje akasema mimi nilikataa. Nilikuta wapangaji watatu katika bodi yetu. Walikuwa watu hodari majirani zao waliowaheshimu, lakini baada ya mwaka mmoja tu majirani hao waliwaona wamegeuka. Mmoja wao, mzee aliyekuwa dereva wa basi, aliniambia kwamba mlangoni kwake walikuwa wakibisha hodi watu wawili: mpangaji aliyemwita msaliti, na meneja aliyemwita mkorofi, na wote wawili walikuwa wakimzungumzia mtu yule yule.

Kwa sababu hiyo chama cha wapangaji kiliomba pawepo mtu mwingine, asiye mpangaji wa shirika lile, asiye mfanyakazi wake, asiyelipwa nalo ila nauli ya basi. Mtu huyo angekaa kikaoni akiwa na haki ya kusema lakini bila haki ya kupiga kura. Angewasaidia wapangaji watatu kusoma makabrasha kabla ya kikao, na angeuliza yale ambayo wao, kwa kufungwa na wajibu wao, waliona vigumu kuyauliza. Nilikuwa nimepanga kwa mwenye nyumba binafsi upande mwingine wa mji, nikaombwa na mama mmoja niliyesali naye parokia moja. Nikakubali bila kujua ninakubali nini.

Kabrasha la kikao cha kwanza lilikuwa na kurasa zaidi ya mia mbili. Nilifundishwa na yule mzee dereva namna ya kulisoma. Alisema: anza na viambatisho vya mwisho, maana jambo wanalotaka lisisomwe huwekwa huko, na ukikuta ukurasa umejaa rangi ya kijani, simama hapo. Rangi ya kijani ilikuwa na maana kwamba kazi imefanyika kama ilivyopangwa, ya manjano inasuasua, nyekundu imeshindikana. Ukurasa wa malalamiko ya wapangaji ulikuwa wa kijani mtupu, kikao baada ya kikao, kwa miaka miwili. Niliupita kila mara. Nakiri hilo mbele yenu.

Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 2015, baada ya Misa ya Dominika, alinijia mama mmoja aliyetoka Bukavu, ambaye alikuwa amepewa nyumba ya shirika letu, ghorofa ya sita. Alisikia nikizungumza Kiswahili na watoto wangu. Alikuwa na barua tatu ndani ya mfuko wa plastiki, zote hazijaeleweka. Nilizisoma pale pale kwenye benchi. Ya kwanza ilimshukuru kwa kuripoti unyevu katika chumba cha kulala. Ya pili ilimwarifu kwamba fundi alifika na kukuta mlango umefungwa. Ya tatu ilimwambia kwamba, kwa kuwa hakupiga simu ndani ya siku zilizowekwa, shauri lake limefungwa. Yeye alikuwa akifanya usafi ofisini alfajiri na jioni. Simu alipiga, aliyepokea alisema maneno mengi ya haraka, naye akajibu ndiyo, kama tunavyojibu sisi sote tusipoelewa.

Akanialika nikaone. Ndugu zangu, ukuta wa upande wa kaskazini ulikuwa mweusi toka sakafuni hadi usawa wa kifua changu. Haukuwa mweusi wa moshi. Ulikuwa ukungu unaoota kama manyoya. Kitanda cha mtoto kilikuwa kimesogezwa katikati ya chumba. Mama alikuwa ameufuta ukuta kwa dawa ya kufulia mpaka rangi ikabanduka, na ukungu ukarudi juu ya plasta.

Hapa ndipo nilipokosea. Kanuni za bodi zilisema kwamba mjumbe asilete kikaoni shauri la mtu mmoja mmoja. Kuna ofisi ya malalamiko. Kanuni hiyo ina busara yake, maana bila hiyo kikao kingekuwa foleni ya ndugu na marafiki. Nami nilikuwa mgeni nchini, mweusi, mwanamke, nisiye na kura, nikitamani sana kuonekana mtu anayejua taratibu. Nikamwandikia yule mama barua mpya ya malalamiko kwa Kiingereza safi, nikampa namba ya simu, nikaona nimetimiza wajibu. Kikao cha Novemba nilikaa, ukurasa wa kijani ukapita. Kikao cha Januari vivyo hivyo. Mwezi Februari nilikuwa zamu, nikamkuta mama yule ameketi kwenye korido ya wodi ya watoto. Mtoto wake alikuwa amelazwa kwa kifua. Aliponiona hakupaza sauti. Alisema, "Mama, na wewe si uko pamoja nao?"

Mtoto alipona, kwa neema ya Mungu. Swali halikuondoka.

Katika kikao cha Machi sikutaja jina la mama, wala jengo, wala mtoto. Ukurasa wa kijani ulipofika nilinyosha mkono nikauliza jambo moja: katika taarifa hii, neno "limefungwa" lina maana gani? Je, lina maana kwamba ukuta umekauka, au lina maana kwamba faili limerudishwa kabatini? Mwenyekiti alitabasamu, akamtazama mkurugenzi. Mkurugenzi akamtazama meneja. Meneja alisema kwa unyofu kabisa kwamba shauri hufungwa likitimiza masharti ya kufungwa. Nikauliza masharti ni yapi. Ikaonekana kwamba fundi kufika mara moja na kukuta mlango umefungwa ni sharti mojawapo.

Hakuna aliyekuwa akificha kitu. Ndiyo maana nilisema habari ya wema. Meneja yule alikuwa na wafanyakazi wachache, alipimwa kwa idadi ya mafaili, naye akajifunza kuyafunga. Bodi ilipimwa na msimamizi wa serikali kwa kurasa zake, nayo ikajifunza kupenda kijani. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri, na ukuta ukaendelea kuota manyoya. Ningefurahi zaidi kama ningemkuta mle ndani mtu mbaya wa kumnyoshea kidole.

Swali langu liliahirishwa. Nikaomba kuahirishwa huko kuandikwe katika kumbukumbu za kikao, pamoja na swali lenyewe neno kwa neno. Hiyo ndiyo silaha ya asiye na kura, nami niliigundua kwa bahati tu. Kikao kilichofuata swali lilikuwapo katika kumbukumbu, likasomwa, likaahirishwa tena. Mara ya tatu mpangaji mmoja mwenye kura, yule dereva, alitoa hoja kwamba mtu wa nje apewe mafaili machache yaliyofungwa, aende kubisha hodi katika nyumba hizo. Hoja ilipita kwa kura moja. Majibu yalipokuja, ukurasa uligeuka mwekundu, na mkurugenzi, lazima nimpe haki yake, hakubisha. Tangu hapo shauri la unyevu halikufungwa mpaka mpangaji mwenyewe atie sahihi, na barua zikawa na mstari wa chini, kwa lugha kadhaa, unaoeleza namna ya kuomba mkalimani. Kiswahili kilikuwamo.

Mama wa Bukavu hakuyaona hayo. Alikuwa amekwisha kuhamia mji mwingine kwa dada yake.

Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 14 Juni 2017, liliungua jengo la Grenfell Tower, magharibi mwa London, si mbali na mtaa ule wa mchungaji Kenrick. Lilikuwa na ghorofa 24. Moto ulianzia jikoni, kwenye jokofu katika nyumba ya ghorofa ya nne, ukatoka dirishani ukashika mabamba yaliyokuwa yamefunikwa nje ya jengo katika ukarabati uliomalizika mwaka 2016. Walikufa watu 72. Wakazi walikuwa wameandika maonyo mengi kabla ya hapo juu ya usalama wa jengo lao. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Sir Martin Moore-Bick ilitoa ripoti yake ya kwanza mwaka 2019 na ya mwisho Septemba 2024, na mojawapo ya mambo iliyoyabainisha ni kwamba shirika lililosimamia jengo liliwaona baadhi ya wakazi waliolalamika kuwa wakorofi wanaochochewa na wachache. Na shirika lile, ndugu zangu, lilikuwa na wakazi katika bodi yake. Kiti kilikuwapo.

Mfano wa pili unaniuma zaidi kwa sababu unafanana na ule wangu. Katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa England, Desemba 2020, alikufa mtoto Awaab Ishak, siku chache tu baada ya kutimiza miaka miwili. Wazazi wake walitoka Sudan. Baba yake aliripoti ukungu katika nyumba yao tangu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Mwezi Novemba 2022 ofisa wa serikali anayechunguza vifo alitamka kwamba mtoto yule alikufa kwa maradhi ya kifua yaliyosababishwa na ukungu wa nyumbani. Shirika lilikiri kwamba lilikuwa na dhana zake juu ya namna familia ile ilivyoishi. Nalo lilikuwa shirika la namna ya pekee, la kwanza nchini kumilikiwa kwa pamoja na wapangaji na wafanyakazi wake. Kwa katiba, wapangaji walikuwa wenye mali. Mimi nilikuwa nimekwisha kumaliza muda wangu. Nilisoma habari ile nikiwa ndani ya treni, nikashindwa kushuka kituoni kwangu.

Kifo kile kilizaa sheria. Sheria ya mwaka 2023 ya kusimamia nyumba za jamii iliongeza nguvu za msimamizi, na masharti yaitwayo Sheria ya Awaab yalianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025. Sasa mwenye nyumba za namna hiyo akiarifiwa hatari ya dharura hana budi kuishughulikia ndani ya saa 24. Akiarifiwa unyevu na ukungu wenye hatari kubwa, sharti achunguze ndani ya siku kumi za kazi, na akishathibitisha, aiondoe hatari ndani ya siku tano za kazi.

Nilipokuwa nikitayarisha mada hii nilirudi katika Biblia, Mambo ya Walawi sura ya 14. Wengi wetu huiruka sura hiyo, maana yazungumzia ukoma. Lakini nusu yake ya pili yahusu nyumba. Mwenye nyumba akiona madoa ya kijani au mekundu yaliyozama ukutani, huenda kumwambia kuhani. Kuhani huja mwenyewe. Huamuru vyombo vitolewe kwanza, visije vikahesabiwa najisi. Hutazama ukuta. Huifunga nyumba siku saba, hurudi siku ya saba. Doa likiwa limeenea, mawe hung'olewa, plasta hukwanguliwa, na pigo likirudi tena, nyumba hubomolewa. Tazameni utaratibu huo: tarehe ya kurudi imewekwa, na anayerudi ni yule yule aliyekuja kwanza. Wala hakuna mahali ambapo kuhani anamwuliza mkaaji anapika namna gani au anaanika nguo wapi. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu wapangaji wa kule, hasa wageni, huulizwa hayo kabla fundi hajatazama paa.

Kanisa nalo limesema. Mwaka 1987, mwaka wa kimataifa wa wasio na makazi, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka juu ya tatizo la nyumba, nao kichwa chake ni swali tunaloulizwa juu ya ndugu yetu asiye na makao. Waraka huo unafundisha kwamba kukosa nyumba inayofaa si bahati mbaya ya mtu binafsi tu, bali ni dalili ya kasoro katika mpango wa jamii yenyewe.

Sasa kwetu. Sisi tuna Shirika la Nyumba la Taifa tangu mwaka 1962, na majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971 yalisimamiwa na Msajili wa Majumba hadi kazi hizo zilipounganishwa mwaka 1990. Lakini wapangaji wetu walio wengi wako katika vyumba vya watu binafsi. Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na mpangaji wa mjini amezoea kudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Bodi ya kumwakilisha haipo. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo nililitambua niliporudi. Sheria ya mwaka 2002 ya mahakama za migogoro ya ardhi iliweka kwamba mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya akae na wazee wa baraza wasiopungua wawili, nao watoe maoni yao kabla ya hukumu. Mwenyekiti hafungwi na maoni hayo, lakini akiyakataa sharti aandike sababu. Niliposoma kifungu hicho nilicheka peke yangu. Ni kiti changu kile kile: sauti bila kura, lakini sauti inayoandikwa. Nami nimewasikia watu wa heshima wakisema kwamba wazee hao ni mapambo tu. Ndivyo nilivyoambiwa mimi pia.

Mtaniuliza anayefaa ni nani. Mwanasheria si lazima. Nafikiri afaaye ni mtu asiye na haja ya kupendwa na kikao, mwenye uvumilivu wa kusoma, na mwenye jirani walau mmoja anayeweza kumwuliza swali gumu kwenye korido. Asipokee posho kutoka kwa mwenye nyumba. Siku hizi mashirika mengi makubwa ya kule huwalipa wajumbe wao, na sisemi ni dhambi. Nasema tu kwamba nauli ya basi haikunifanya niogope kuikosa. Na asikae muda mrefu. Mwaka wa sita nilijikuta nikicheka mizaha ya mkurugenzi kabla hajaimaliza, nikajua wakati umefika.

Aliyenirithi ni binti aliyekuwa karani wa maktaba. Nilimkabidhi daftari lenye maswali yote yaliyoahirishwa, kila swali na tarehe yake. Yalikuwa yamebaki kumi na moja. Daftari jingine kama hilo, tupu, nimelileta hapa, nami nitalikabidhi kwa katibu wa semina baada ya chai, pamoja na nakala chache za kifungu kile cha wazee wa baraza, kwa kamati zitakazopenda kuanza nacho.